Baiskeli Mpya Yenye Kasoro: Irudishwe Dukani au Ipelekwe kwa Fundi?

"Mali ikishauzwa hairudishwi." Maneno hayo huchapwa chini ya risiti, huandikwa kwa rangi kwenye kuta za maduka, na kwa wanunuzi wengi wa wilaya za Ngara na Biharamulo nchini Tanzania yana uzito wa amri ya serikali. Mkulima anayeuza kahawa Rulenge, au pamba katika vijiji vya Biharamulo, huweka fedha ya msimu mzima kwenye baiskeli mpya, na kabla wiki haijaisha gurudumu la nyuma linaanza kuyumba. Jirani mmoja anamwambia airudishe leo leo. Mwingine anamwuliza kwa nini ahangaike na safari ya dukani wakati fundi yuko pale njia panda na spana zake. Mwenye duka, akifikiwa, anaonyesha kidole ukutani.

Kila mmoja wao anazungumza kwa uhakika, na kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Mkanganyiko huu si mdogo. Mnunuzi akiamua vibaya siku ya kwanza, huenda akapoteza haki aliyokuwa nayo bila kujua, au akatumia nauli na siku mbili za kazi kufuatilia tatizo ambalo fundi angelimaliza kwa robo saa. Uamuzi wa haki unataka kujua mambo matatu: baiskeli yenyewe imefikaje dukani, sheria inasema nini hasa, na kasoro iliyoonekana ni ya aina gani.

Baiskeli inayobeba kuliko ilivyokusudiwa

Ngara ni wilaya ya vilima. Mito ya Ruvubu na Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, na kati ya mabonde yake njia nyingi hupanda na kushuka kwa mwinuko unaomlazimu mtu kushuka na kusukuma. Biharamulo ina umbali wake: kutoka vijiji vya ndani hadi Lusahunga, Nyakanazi au mjini si mwendo wa mchezo. Katika wilaya zote mbili baiskeli hubeba mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, madumu ya maji, mgonjwa anayepelekwa zahanati, na mara nyingine vyote hivyo kwa wiki moja.

Baiskeli inayobeba mizigo hiyo ni ile ya ringi 28, fremu ya chuma na breki za fito: Phoenix ya China, au Hero na Avon kutoka Ludhiana, India. Umbo lake linatokana na baiskeli ya Kiingereza ya karne iliyopita, iliyobuniwa kumpeleka mtu mmoja kazini kwenye barabara nzuri. Ni chombo imara kwa kazi hiyo. Kwa kazi ya mikungu minne kwenye mteremko wa changarawe kimeazimwa tu, na ndiyo maana swali la ubora wake halijibiki kirahisi. Baiskeli inaweza kuwa haina kosa lolote la kiwanda na bado ikashindwa kazi ndani ya mwezi mmoja.

Imetoka wapi, na nani ameifunga?

Jambo ambalo mabishano mengi hulisahau ni kwamba baiskeli hizi kwa kawaida hazitoki kiwandani zikiwa kamili. Husafirishwa vipande vipande, kwa sababu sanduku moja la vipande hula nafasi ndogo kuliko baiskeli nzima, na hupita kwa wauzaji wa jumla wa miji mikubwa kama Mwanza na Kahama kabla ya kufika huku. Kazi ya kuzifunga hufanywa na fundi wa duka au fundi wa jirani anayelipwa kwa kila baiskeli aliyoimaliza. Anayelipwa kwa idadi hukimbizana na idadi.

Hivyo baiskeli "mpya" ina wazazi wawili. Kiwanda kilitengeneza fremu, foku, habu na ringi. Fundi wa hapa alikaza spoku, akaweka gololi na grisi, akagonga kotapini kwenye mikono ya pedeli, akapanga breki. Mtu anaposema baiskeli ya kampuni fulani "ni mbovu", mara nyingi anakilaumu kiwanda kwa kosa lililofanyika mita chache kutoka kaunta aliyolipia. Na muuzaji anaposema "hilo ni la kiwanda, mimi sihusiki", anajivua jukumu la kazi aliyoiagiza yeye mwenyewe.

Sheria inasemaje?

Tanzania ina sheria mbili zinazogusa jambo hili moja kwa moja. Ya kwanza ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Ya pili ni Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC.

Sura ya 214 inasema kwamba mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani kama kazi yake anachukuliwa kuwa ameahidi, hata kama hakutamka, kuwa bidhaa hizo zina ubora unaostahili kuuzwa. Ahadi hiyo ni sharti. Sharti likivunjwa, mnunuzi ana haki ya kuikataa bidhaa na kudai fedha yake. Hapo kambi ya "irudishe" inasimama mahali imara.

Lakini sheria hiyo hiyo ina milango mitatu ambayo kwayo haki hii hupatikana au kupotea. Mlango wa kwanza ni ukaguzi: mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Madigadi yaliyopinda waziwazi ni ya mnunuzi. Ufa uliofichwa na rangi si wake. Mlango wa pili ni kukubali. Mnunuzi akikaa na bidhaa muda wa kuridhisha bila kusema kwamba ameikataa, au akiifanyia jambo ambalo mwenye mali peke yake ndiye angelifanya, anahesabiwa ameikubali. Tangu hapo sharti linashuka kuwa dhamana tu: anaweza kudai fidia ya upungufu, hawezi tena kurudisha chombo chenyewe. Sheria haikutaja siku. "Muda wa kuridhisha" hutegemea aina ya bidhaa na mazingira, na kwa baiskeli inayotumika kila siku kwenye vilima, ni vigumu kuamini kwamba miezi miwili ingekubalika.

Mlango wa tatu wachache wanaujua. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Lakini akiagiza bidhaa mahususi kwa jina lake la kibiashara, ulinzi huo wa pili unaweza kumponyoka. Tofauti kati ya kusema "nipe Phoenix" na kusema "nataka baiskeli ya kubeba mikungu minne kutoka Murusagamba, unanishauri ipi?" ni tofauti ya haki. Sentensi ya pili, ikisemwa mbele ya shahidi, ina thamani.

Na yale maneno ya ukutani? Chini ya Sura ya 214 peke yake, pande mbili zinaweza kukubaliana kuondoa ahadi zisizotamkwa, na muuzaji angeweza kudai kwamba bango lake ni makubaliano. Sheria ya 2003 ndiyo iliyobadilisha hesabu hiyo. Inaweka masharti ya ubora na ufaaji ndani ya mikataba ya walaji na haimruhusu muuzaji kuyafuta kwa kauli yake mwenyewe. Pia inakataza kumpotosha mlaji kuhusu haki alizonazo. Bango linaweza kumzuia mtu anayetaka kurudisha baiskeli kwa sababu amebadili mawazo au amekuta ya bei nafuu duka la pili. Halimzuii aliyeuziwa fremu yenye ufa. Hili lingepaswa kusemwa kwa sauti kwenye kila gulio, kwa sababu watu wengi hunyamaza mbele ya bango wakidhani wananyamaza mbele ya sheria.

Wanaosema: irudishe

Hoja yao ya kwanza ni ya haki tupu. Mnunuzi alilipa bei ya kitu kipya. Akianza kukitengeneza siku ya tatu, amelipa bei ya kipya na kupata kilichokwisha guswa. Hoja ya pili ni ya usalama: chombo kilichoonyesha udhaifu mapema hakiaminiki tena kwenye mteremko. Hoja ya tatu ni ya soko, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote. Baiskeli mbovu zisiporudi dukani, muuzaji hana sababu ya kumlalamikia muuzaji wa jumla, wala muuzaji wa jumla hana sababu ya kuacha kuagiza shehena dhaifu. Kila kasoro inayomalizwa kimya kimya chini ya mti wa fundi ni taarifa iliyokufa njiani.

Msimamo huu una mizizi hata nje ya mahakama. Katika fiqhi ya Kiislamu, ambayo imeongoza biashara ya Waswahili kwa karne nyingi, mnunuzi aliyegundua kasoro ya zamani ana hiari ya kurudisha, na kuficha aibu ya bidhaa ni kosa la muuzaji. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wanasisitiza kwamba hiari hiyo itumike mara moja, na anayeendelea kukitumia kitu baada ya kuiona kasoro anaipoteza. Mantiki yake inakaribiana mno na ile ya Sura ya 214, ingawa zimetoka mbali na mbali.

Udhaifu wa msimamo huu ni umbali na mtaji. Tuchukue mfano wa hesabu tu: baiskeli imenunuliwa Biharamulo mjini kwa shilingi 280,000 na mnunuzi anaishi Nyakahura. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi pamoja na gharama ya kupakia baiskeli ni shilingi 20,000, na siku moja ya kazi iliyopotea ni 10,000. Kama tatizo ni ringi ambayo fundi wa kijijini angeinyoosha kwa 5,000, safari ya kudai haki imegharimu mara sita ya ugonjwa. Tena dukani hakuna uhakika wa kukuta fedha. Mfanyabiashara mdogo wa Ngara naye ni mnunuzi. Fedha aliyopokea jana leo imeshatumwa Kahama kuleta mzigo mwingine. Mara nyingi anachoweza kutoa ni baiskeli nyingine kutoka shehena ile ile, na kama kasoro ni ya shehena, mnunuzi anarudi nyumbani na ndugu wa tatizo lake.

Wanaosema: mpe fundi

Upande huu unaanza na ukweli ambao hakuna anayeendesha baiskeli huku atakayeukana: hapa baiskeli mpya huhesabiwa kuwa malighafi. Kabla ya mzigo wa kwanza, wengi huipeleka kuongezewa keria ya nondo, kuimarishwa foku kwa vyuma vya pembeni, kubadilishiwa spoku za nyuma ziwe nene. Kama chombo kitafunguliwa hata hivyo, kwa nini kulilia ringi inayoyumba?

Mafundi wana hoja nyingine ya kiufundi ambayo ni ya kweli. Gurudumu jipya hulegea. Baiskeli hizi kwa kawaida zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, na spoku zinapoanza kubeba uzito hujikalia kwenye habu na kupoteza mkazo. Kuzikaza tena baada ya wiki mbili au tatu za kwanza ni sehemu ya kuzaliwa kwa gurudumu. Anayeirudisha baiskeli kwa sababu hiyo peke yake amelalamikia jambo la kawaida.

Faida za fundi ni wazi: yuko karibu, bei yake inajulikana, na kazi inaisha leo. Anaijua njia ambayo baiskeli itapita, jambo ambalo kiwanda hakilijui. Lakini ana mpaka. Hawezi kurudisha uimara ambao haukuwepo kwenye chuma. Na kila anapolegeza nati, anabadilisha ushahidi. Baada ya kuchomelea, nani atathibitisha kwamba ufa ulitoka kiwandani? Muuzaji atasema fundi ndiye aliyeunguza fremu, na hatakuwa mwongo kwa hakika, kwa maana hakuna tena njia ya kujua.

Kasoro si za aina moja

Kosa la kambi zote mbili ni kuzungumzia "kasoro" kana kwamba ni kitu kimoja. Hapa ndipo uamuzi unapopatikana, kwa hiyo panahitaji uvumilivu wa msomaji.

Kuna kasoro za kufunga. Breki zisizofika kwenye ringi sawasawa, habu iliyokazwa mno hata gurudumu halizunguki kwa uhuru, gololi zilizokosa grisi, usukani usiokaa sawa na gurudumu la mbele, cheni iliyolegea. Hizi hutibika, na hazimpunguzii mnunuzi chochote zikitibiwa mapema. Zikiachwa, hugeuka kuwa kasoro za sehemu. Kotapini ni mfano mzuri. Ikigongwa vibaya mkono wa pedeli hucheza kidogo. Mtu akiendelea kupanda vilima nao ukicheza, chuma huliwa kidogo kidogo, na baada ya wiki chache hata kotapini mpya haishiki. Pedeli ya kushoto nayo ina hesi za kinyume: hukazwa kwa kuzungusha kushoto. Aliyeifunga kwa haraka akailazimisha upande usiofaa, amekwisha kuharibu hesi za krenki, na mnunuzi atakayeona pedeli ikidondoka njiani atadhani chuma cha kiwanda ni dhaifu.

Kuna kasoro za sehemu moja: ringi iliyokatika kwenye maungio yake, tairi iliyotokeza uvimbe, friwili inayoteleza, siti iliyopasuka chuma chake. Hizi hazihitaji baiskeli nzima irudi, wala hazimlazimu mnunuzi kulipa. Kipande kinabadilishwa kwa kipande, na muuzaji ana mzigo wa kukitoa. Hii ndiyo njia ya tatu ambayo mabishano ya "rudisha" na "tengeneza" huizika, ingawa muuzaji mwenye busara huipenda kuliko zote kwa kuwa haimtoi fedha taslimu.

Halafu kuna kasoro za mwili: fremu na foku. Dalili zake zinajulikana. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba karibu na maungio, hasa chini ya kichwa cha usukani. Mstari wa kutu mahali ambapo hapajapigwa. Baiskeli inayovuta upande mmoja hata magurudumu yakiwa yamenyooka. Fremu iliyopinda inaweza kupimwa bila kifaa cha bei. Funga uzi kwenye sehemu ya nyuma inaposhikwa habu, uzungushe mbele ya bomba la kichwa, uurudishe upande wa pili hadi nyuma. Kisha pima umbali kutoka kila upande wa uzi hadi bomba la siti. Umbali ukitofautiana kwa namna inayoonekana, fremu haiko katika mstari. Uzi huo wa shilingi mia moja ni shahidi mzuri kuliko maneno, na unaweza kutumika dukani kabla ya kulipa.

Methali ya kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta haiifai fremu. Mabomba yake ni membamba, na joto la kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma kilicho kando ya weldi, kwa hiyo ufa wa pili huweza kuanzia pembeni ya ule uliozibwa. Kwenye njia tambarare mtu anaweza kuishi na fremu iliyochomelewa kwa miaka. Foku ikikatika kwenye mteremko, na gunia liko nyuma, hakuna muda wa kufikiri. Kwa hiyo fremu na foku hazina mjadala: zirudi, na baiskeli isitumike hata siku moja zaidi.

Breki zinahitaji neno lao. Ringi za chuma zikilowa, breki za fito hushika kwa shida. Hiyo ni tabia ya aina hii ya baiskeli. Lakini breki isiyoshika hata kwenye jua ni kasoro. Kwa mkazi wa vilima vya Ngara haifai kusubiri siku ya safari ya mjini, na hapa haki ya fundi kuigusa kwanza inatangulia.

Nani aliigusa kwanza?

Kama kuna jambo moja ambalo mnunuzi anapaswa kutoka nalo, ni mpangilio wa hatua. Desturi ya huku ni baiskeli mpya kwenda kwa fundi kabla ya kazi. Sheria inasema anayekifanyia kitu jambo la mwenye mali amekikubali. Kuweka vyuma vya pembeni vya foku na keria ya nondo ni jambo la mwenye mali kabisa. Desturi na sheria zimegongana, na anayeumia ni yule aliyefuata desturi kwa nia njema.

Kinga yake haina gharama kubwa. Siku chache za kwanza baiskeli iendeshwe bila mzigo na bila kuchomelewa chochote, ikaguliwe mchana mbele ya mtu mwingine, na kasoro ikionekana muuzaji aambiwe kwanza kabla ya spana. Sheria haimlazimu mnunuzi kuibeba baiskeli hadi dukani ili kukataa kwake kuhesabike; inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa. Ujumbe wa simu wenye tarehe na picha ya kasoro unafanya kazi ambayo zamani ilihitaji safari. Umbali, ambao ulikuwa hoja kuu ya kambi ya mafundi, umepungua nguvu kwa kiasi hicho.

Na muuzaji akisema kwenye simu, "ipeleke kwa fundi huko, nitalipa", mnunuzi amepata kilicho bora kuliko vyote: ukarabati wa karibu kwa gharama ya aliyeuza, bila kupoteza haki. Jibu hilo litunzwe.

Risiti ndiyo mguu wa pili. Mamlaka ya Mapato ilianza kutumia mashine za kielektroniki za risiti mwaka 2010, na wananchi wameambiwa mara nyingi wadai risiti kwa ajili ya kodi. Sababu ya mnunuzi mwenyewe kuidai haijasemwa vya kutosha: bila karatasi yenye tarehe na jina la duka, hata mwenyekiti wa kijiji mwenye huruma hana pa kuanzia usuluhishi, na Mahakama ya Mwanzo haina cha kushika isipokuwa neno dhidi ya neno. Namba iliyogongwa kwenye fremu inapaswa kuandikwa juu yake, ili isije ikadaiwa kwamba baiskeli iliyorudi si ile iliyouzwa.

Gulioni na mpakani

Baiskeli iliyonunuliwa gulioni ina hatari ya peke yake: muuzaji kesho yuko soko jingine. Sheria haitofautishi gulio na duka, ila haki dhidi ya mtu asiyepatikana ni haki ya kwenye karatasi. Mnunuzi wa gulioni afanye ukaguzi wake kabla ya kulipa, kwa uzi na kwa macho, kwa kuwa nafasi ya pili huenda asiipate.

Kwa wakazi wa karibu na Rusumo na Kabanga kuna suala la kuvuka. Daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa mwaka 2016, na tangu hapo kupita kumekuwa kwepesi. Lakini baiskeli iliyonunuliwa Rwanda au Burundi huuzwa chini ya sheria za huko, na bei yake ikiwa nafuu, sehemu ya unafuu huo ni gharama ya haki ambayo mnunuzi ameiacha upande wa pili wa daraja.

Wengine wameamuaje?

Uingereza, ambako Sura ya 214 ilichukua umbo lake, imekwishaondoka kwenye "muda wa kuridhisha" kwa walaji. Sheria yake ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa fedha yote. Baada ya hapo muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha kabla mnunuzi hajadai fedha. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2019, umeelekea upande mwingine: muuzaji anawajibika kwa miaka miwili, lakini matengenezo au ubadilishaji hutangulia, na kurudisha fedha huja kama hayo yakishindikana.

Mifumo hii miwili ni kambi zetu mbili zikiwa zimevaa suti, na yote inakubaliana kwenye nukta moja ambayo huku bado haijashika: ukarabati wa kasoro ya bidhaa mpya hulipwa na muuzaji. Kwetu, anayechagua fundi huhesabiwa kuwa amechagua pia kulipa. Hilo ndilo la kubadilisha kwanza, na halihitaji sheria mpya.

Mizani

Nikipima yote haya, naona wanaopendelea fundi wana haki kwa idadi kubwa ya matatizo, na wanaopendelea kurudisha wana haki kwa matatizo mazito. Kasoro za kufunga zitengenezwe karibu, kwa gharama ya duka, kwa kuwa ni duka lililoifunga. Kasoro za sehemu zilipwe kwa sehemu. Fremu na foku zirudi, na mwenye duka asipokuwa na fedha ya kurudisha, akubaliwe kutoa nyingine baada ya kupimwa kwa uzi mbele ya mnunuzi. Ugomvi ukikwama, usuluhishi wa kijiji au kata utangulie Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu baiskeli inayosubiri hukumu haibebi ndizi; FCC ipelekewe taarifa hasa pale kasoro inapojirudia kwa shehena nzima, ambapo ofisi yenye uwezo wa kitaifa ina maana kuliko kwa baiskeli moja.

Mfanyabiashara wa wilayani asibebeshwe mzigo huu peke yake. Anayemuuzia kwa jumla Mwanza au Kahama anafungwa na sharti lile lile la ubora, naye ana haki ile ile ya kukataa, mradi asikawie na mradi ana karatasi. Duka linalopokea malalamiko kwa tarehe na namba ya fremu linajitengenezea ushahidi wa kudai huko juu. Linalowafukuza wateja kwa bango linabaki na hasara na halina hata cha kuonyesha.

Badala ya lile bango, nafasi ile ile ya chini ya risiti inatosha kwa maneno mengine: baiskeli hii imefungwa na fundi fulani, tarehe fulani, fremu namba fulani, irudi baada ya wiki tatu spoku zikazwe bila malipo. Fundi ambaye jina lake limeandikwa hapo atakumbuka upande wa kukazia pedeli ya kushoto.